Wawili na Nusu

Ngamiani barabara zina namba,
na mimi nilijifunza kuhesabu kwa miguu:
kutoka ya Saba kwenda chuoni, ya Nane, ya Tisa,
ya Kumi kuna mbwa, rudi, pitia ya Kumi na Moja.
Labda ndiyo sababu kipindupindu kilipofika
nilikiona kama mtoto aliyetumwa dukani:
anapita wapi, anasimama kwa nani,
anarudi na nani.

Kitendawili, niliwaambia wajumbe wa mtaa.
Tega.
Mgeni wangu kaingia peke yake,
katoka na wawili na nusu.
Shemhilu, fundi cherehani, akaangua kicheko:
"Hiyo nusu inavaa suruali ya namna gani?"

Nilicheka nao. Lakini usiku, mezani,
nilikuwa na visanduku vitatu vya penseli:
wanaoweza kuugua,
wanaougua,
walioondoka.
Katikati mishale, na juu ya kila mshale herufi.
Herufi moja ni mkono usiooshwa.
Nyingine ni siku tano za kitandani.
Nyingine ni kisima cha barabara ya Kumi na Mbili,
hatua tisa kutoka chooni. Nilizipima mwenyewe.

Katika hesabu hii aliyepona na aliyekufa
hukaa sanduku moja.
Mlinganyo hauulizi; wote wawili hawaambukizi tena.
Kaka yangu Mbwana yumo humo,
tangu mwaka ule dripu zilipoisha saa nane za usiku,
yeye na jirani yetu aliyepona, auzaye mihogo.
Niliwahi kuchora sanduku la nne.
Jibu halikubadilika hata tarakimu moja.
Sikulifuta.

Jumamosi kulikuwa na harusi, barabara ya Kumi na Nne,
masufuria sita ya pilau, wageni mia tatu,
wengine wa Pongwe, wengine wa Horohoro.
Nilipiga hesabu mara mbili,
na ya tatu kwa kutotaka kuamini.
Arobaini na moja, ndani ya siku kumi.
Nikaipeleka karatasi kwa Bi Mwanamkasi, mama wa bibi harusi.
Aliishika mbali na macho,
kama risiti ya deni la mtu mwingine.
"Grafu yako imepanda kama Usambara," alisema,
"na mimi binti yangu namwoza kesho.
Niambie cha kufanya, usiniambie cha kuogopa."

Basi: ndoo tano zenye bomba, mlangoni.
Sabuni ya mche, ikatwe vipande.
Maji yachemshwe, hata ya juisi ya ukwaju.
Kachumbari isiwepo. Hapo ndipo tulipogombana.
Kisima kilifungwa mnyororo,
na ufunguo akapewa Shemhilu, yule yule aliyecheka,
akauvaa shingoni kama hirizi.

Nusu ikaanguka kwanza, kisha mmoja, kisha mwingine,
mpaka mgeni akawa anatoka kama alivyoingia,
na siku nyingine hatoki na mtu kabisa.

Waliougua walikuwa sita. Wote wako mitaani.
Bi Mwanamkasi alinifuata hadi kwangu:
"Wako wapi arobaini na moja wako?
Umeninyima kachumbari bure."
Sikuwa na wa kumwonyesha.
Thelathini na watano hawana kadi ya Bombo,
hawakulazwa, hawajui kwamba ndio wao.
Huenda ni kijana yule anayeziba pancha.
Huenda ni bibi harusi mwenyewe,
ambaye siku hizi hapendi harufu ya vitunguu.
Mlinganyo unawajua idadi, hauwajui majina.

Kwa hiyo jioni natembea. Ya Saba, ya Nane, ya Tisa.
Namsalimu kila mtu, nisije nikamruka mmoja wao.
Ya Kumi, mbwa alikufa zamani; bado nazunguka.
Na Shemhilu akiniona husimamisha cherehani:
"Vipi, ile nusu ilishapata suruali?"
Nasimama mlangoni pake,
nanyoosha mikono,
kama mtu anayepimwa.